Kidole Gumba

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema,
lakini changu kiliweza kuiba kilo.
Gunia likining'inia kwenye ndoana ya mzani,
mwenye kahawa kakodoa macho kwenye mshale,
kidole gumba kilikuwa chini, kivulini,
kikiliinua kidogo tu,
kama mtu anayemsaidia mjamzito kupanda ngazi.

Miaka tisa. Kisinga nzima wananijua:
Mbambu wa mzani, mjane wa Thembo,
duka la mabati ya kijani kabla ya daraja.
Watoto wangu hawakulala njaa. Hilo nalisema
kwa sababu nimezoea kulisema.

Kisha dada yangu Masika, matangani kwa mama,
watu wameshika sahani za wali,
akasema kwa sauti ya kuitia mbuzi:
"Muulizeni huyu nusu kilo zetu kazipeleka wapi."
Wakacheka puani. Mimi nikachochea moto
ambao haukuhitaji kuchochewa.

Ndipo nilipoacha.
Si kanisani, ingawa ningependa kuwaambia kanisani.
Niliacha kwa hasira.
Nilitaka niwe safi kiasi cha kumchoma macho,
aje siku moja na gunia lake, apime, apime tena,
akose la kusema,
nami nisimame pale nikimtazama akilikosa.

Msimu wa kwanza kidole kiliniwasha.
Nilikifunga plasta kama chenye jeraha.
Ada ya Kule ilipungua, nikauza cherehani,
na hakuna aliyeuliza cherehani iko wapi.
Wateja walikuja na macho yale yale ya pembeni,
wakainama, wakachungulia chini ya gunia,
wakaona hewa,
wakaondoka wakinong'ona:
siku hizi ana ujanja mpya, hauonekani.

Baluku wa Kagando alinunua mzani wake mdogo
kwa ajili yangu mimi.
Hupima nyumbani, huandika kiganjani kwa kalamu ya bluu,
kisha huja kunikamata.
Misimu mitatu kiganja na mshale vinasema neno moja.
Juzi akakuna kichwa:
"Mbambu, mzani wako ulitengenezwa?"
Nikasema ndiyo.
"Na fundi gani?"
Nikamwambia alihama.

Jioni hiyo nikampigia Masika,
yuko Mpondwe sasa, anauza vitenge.
"Nimeacha," nikasema.
"Umeacha nini?"
"Ile ya nusu kilo."
Mtandao ukakwaruza. "Nusu kilo ya nini?"
Akaniuliza bei ya maharage huku kwetu.

Misimu mitatu nimejenga nyumba
ili mgeni mmoja aione,
na mgeni hakumbuki hata njia.

Usiku nikakiweka kidole juu ya meza, karibu na taa,
kama mtoto aliyeshtakiwa na majirani.
Nikakiambia: uko huru.
Hakuna anayekulinda, hakuna atakayekusifu,
na shule wameandika tena barua.
Kilikuwa na ufa wa jembe kwenye ukucha.
Sikuwahi kuuona.

Asubuhi mvua ilishuka kutoka mlimani.
Akaja binti wa watu, ametumwa na bibi yake,
mfuko wa kahawa kichwani, maji yakimchuruzika.
Hajui mshale. Alikuwa akitazama barabarani,
mbwa wawili waligombania utumbo.
Nikautundika mfuko.
Mshale ukayumba, ukatulia: nne na robo.
Nikaandika nne na robo.
Nikahesabu noti, nikamfungia kwenye nailoni zisilowe,
akakimbia bila kuzitazama.

Ndipo nikashtuka, nikakitafuta kidole.
Kilikuwa mfukoni mwa aproni,
kinachezea ganda la karanga,
kina joto,
wala hakikuwa kimeniuliza chochote.